Mbu wa Sura ya Nne

Mjomba wangu husoma vitabu ndani ya stoo. Nyumba yao ina sebule nzuri yenye madirisha mapana, lakini sebule ina kelele zake: pikipiki barabarani, geti la jirani, maji yanayopanda kwenye tangi, watoto wanaorudi kutoka shule wakigombana. Stoo iko mwisho wa korido, kati ya jiko na bafu. Zamani ilikuwa na mifagio, masanduku ya safari na pasi mbovu ambayo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitupa. Sasa kuta zake zimevikwa mablanketi, makoti ya zamani yananing'inia nyuma ya mlango, na katikati kuna meza ndogo, kiti, taa ya kubana kwenye ukingo wa meza, na maikrofoni yenye kinasa sauti chake, iliyovishwa soksi nyeusi. Mtu akizungumza humo ndani, sauti yake inamfia mdomoni. Mkaza mjomba anakiita chumba hicho kaburi, lakini hukitaja kwa mapenzi, na yeye ndiye aliyeishona ile soksi upya ili iikae maikrofoni sawasawa.

Kabla ya kustaafu, Mjomba alikuwa msahihishaji wa gazeti. Enzi zile kazi hiyo ilifanywa na watu wawili wawili. Mmoja alisoma kwa sauti maandishi ya mwandishi, pamoja na kila alama iliyomo, na mwenzake alifuatilia kwa kalamu kwenye karatasi iliyochapwa. Mjomba ndiye aliyekuwa akisoma. Alisoma koma, nukta, alama ya mshangao, mabano yafunguliwe, mabano yafungwe, kuanzia asubuhi mpaka gazeti liende mtamboni. Kazi ile ilimwingia kwenye damu. Hata leo akibishana na mkewe utamsikia: "Sikusema hivyo, koma, na hata kama nilisema, koma, sikuwa na nia mbaya, nukta." Akitaka kufunga mjadala kabisa hupiga meza na kusema, "Aya mpya!" Familia nzima imeambukizwa. Siku moja dada yangu alimwacha mchumba wake kwa simu kwa maneno hayo hayo.

Alipostaafu alijiunga na chama kimoja cha watu wasioona ambacho hurekodi vitabu kwa ajili ya wanachama wake. Walihitaji wasomaji wenye sauti tulivu, na sauti ya Mjomba ni tulivu kweli, nzito kidogo, kama ya mtu anayekuwekea kiti kabla hujaombwa kukaa. Kitabu chake cha kwanza alikisoma chote kwa bidii, akakipeleka. Siku ya pili simu ililia.

"Kaka," alisema mwanamke upande wa pili, "hadithi ni nzuri na sauti ni nzuri. Ila nina swali. Huyu bwana Koma anayeingia kila mahali ni nani?"

Ndivyo alivyofahamiana na Bi Simu. Jina hilo alipewa kazini. Haoni tangu utotoni, na maisha yake yote ya kazi alikaa mbele ya mitambo ya simu ya ofisi moja kubwa, akipokea na kuunganisha. Wanasema alikuwa akimtambua mtu kwa pumzi kabla hajasema haloo, na akajua kama anapiga kuomba ruhusa au kudanganya kwamba anaumwa. Sasa amestaafu, naye ndiye anayesikiliza kila kitabu kabla hakijatolewa kwa wanachama. Kitabu kikiwa na kasoro hakipiti kwake. Mjomba alikisoma kitabu kile upya bila bwana Koma, na tangu hapo wamekuwa wakifanya kazi pamoja, yeye akisoma, Bi Simu akisikiliza, wakigombana kwa heshima kubwa.

Ugomvi ninaotaka kuusimulia ulianza na simu kama ile ya kwanza. Mjomba alikuwa katikati ya kitabu kinene ambacho wanachama walikuwa wakikingoja sura kwa sura. Bi Simu akapiga.

"Msomaji, una mbu."

"Nina nini?"

"Mbu. Sura ya nne. Anaanza sura inapoanza, ananyamaza inapokwisha. Mtoe, usome tena."

Mjomba alilichukulia jambo hilo kwa uzito wote. Alipuliza dawa stooni, akafunga mlango, akakaa nje akilinda kama askari wa benki. Mablanketi yote yalitolewa, yakakung'utwa, yakaanikwa uani. Alisoma sura ya nne upya, huku akipumua harufu ya dawa na kukohoa kila ukurasa, na kila alipokohoa alirudia sentensi. Akaituma.

"Bado yupo," alisema Bi Simu. "Na sasa naona amenenepa."

Mjomba alitundika chandarua. Ndani ya stoo! Meza, kiti, maikrofoni na yeye mwenyewe vyote vilikaa ndani ya chandarua kama bibi harusi. Mkaza mjomba, aliyekwenda kumwita ale, ndiye aliyesimama mlangoni, akainamisha kichwa kidogo, kisha akanyoosha kidole chini ya meza.

"Si huyo hapo?"

Chini ya meza kulikuwa na kompyuta yao ya zamani, dude kubwa la chuma linalotunza rekodi zake zote za miaka yote. Lilikuwa linaimba. Mkaza mjomba alilisikia. Mimi nililisikia nilipofika siku iliyofuata: mlio mwembamba, wa juu, unaotetemeka, kama mbu anayetafuta sikio. Watoto wa jirani walilisikia. Mjomba alipiga magoti, akaweka sikio lake juu ya bati lenyewe, akakaa hivyo kwa muda.

"Linaimba sasa hivi?" aliuliza.

"Sasa hivi, mzee," alisema mkewe.

Aliinuka taratibu, akapangusa magoti, akazima taa ya mezani. "Basi," alisema. Hakusema aya mpya.

Kwa siku nyingi baada ya hapo stoo ilibaki imefungwa. Bi Simu alipopiga simu, Mjomba alimwambia mbu bado anatafutwa. Mkaza mjomba ndiye aliyenieleza kilichokuwa kikimla mumewe, tukiwa tunaosha vyombo. Gazetini kulikuwa na msahihishaji mzee ambaye macho yalianza kumdanganya. Hakumwambia mtu. Makosa yalipozidi alihamishiwa kwenye chumba cha kufunga magazeti kwa kamba, na wenzake, Mjomba akiwa mmoja wao, walikuwa wakimpita pale mlangoni bila kujua wamsalimie vipi. "Sasa mjomba wako anasema, msomaji asiyesikia alichokirekodi hana tofauti na yule mzee," aliniambia. "Anasema bora afunge mwenyewe kabla hajafungiwa. Na yeye akiacha kusoma, mwanangu, mimi na yeye tutabaki tunatazamana humu ndani mpaka tuchokane."

Alicheka, lakini aliisugua sufuria ileile mara mbili.

Niliona kwamba mambo yalikuwa mawili, na moja kati yake nililiweza. Masikio ya Mjomba sikuwa na dawa yake. Mashine nilikuwa na dawa yake. Nilimwendea sebuleni nikamweleza jinsi nilivyolielewa jambo lenyewe. Kompyuta ile ilikuwa na diski za kuzunguka, yaani sahani ndogo za chuma zinazokwenda mbio muda wote, na feni za kuzipoza. Zikizeeka zinaimba, na zikizeeka zaidi zinakufa na vyote vilivyomo. Kuizima wakati wa kusoma walishajaribu: ilikuwa ikiwashwa tena inagonga gonga kama mtu aliyejifungia bafuni. Kuihamishia sebuleni walijaribu pia, ikachukua soketi ya cherehani na wajukuu wakaipenda kupita kiasi. Isitoshe, umeme wa mtaa ule hukatika mara kwa mara, na dude lile lilikuwa likiimaliza betri ya nyumba kabla Mjomba hajamaliza ukurasa.

"Unachohitaji ni seva ndogo ya nyumbani," nilimwambia. "Mashine ambayo kazi yake ni kutunza mafaili yako na kumgawia anayeruhusiwa, basi. Iwe na diski zisizo na kitu kinachozunguka, zile za SSD. Hizo ni vibao vyembamba tu, kila kimoja urefu wa kidole. Hazina sahani, hazina cha kuimba. Mashine yenyewe inakula umeme kidogo, kwa hiyo betri itaiweza. Haipati joto sana, kwa hiyo hutaiva humo stooni. Na ni ndogo, inakaa kwenye rafu pamoja na kamusi."

Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, kama anavyomsikiliza kila mtu. "Umesema vizuri, mpwa wangu. Kama kitabu."

Kesho yake akaenda dukani peke yake, bila kuniambia. Nadhani alitaka jambo hili lisiwe kubwa. Alirudi jioni na kiboksi kidogo, akakiweka juu ya meza ya jikoni mbele yetu.

"Tazameni. Kidogo. Hakina feni. Hakili umeme. Nimemwambia muuzaji nataka kumbukumbu nyingi ndani ya kitu kidogo, akanielewa hapohapo."

Nilifungua kiboksi. Kilikuwa na kibao chembamba cha kijani, chenye meno ya dhahabu upande mmoja.

"Mjomba, hii ni kumbukumbu ya kufanyia kazi. Kompyuta inaitumia ikiwa imewashwa tu. Umeme ukikatika, inasahau kila kitu."

Mjomba alikitwaa kibao mkononi mwangu.

"Hiyo tunayo tayari," alisema mkaza mjomba. "Nimeolewa nayo."

"Mimi sisahau umeme ukikatika, koma," alisema Mjomba kwa hadhi, "nasahau hata ukiwepo, nukta." Halafu akakigeuza kibao kile mkononi, na usahihishaji ukampanda kichwani. "Lakini hili neno gani hili? Kumbukumbu ni kinachobaki. Inakuwaje wakiite kumbukumbu kitu kinachosahau? Gazetini tungelirudisha kwa mwandishi, na wino mwekundu juu."

Tulicheka sana, naye akacheka, na nikadhani kazi imekwisha. Kesho tungekwenda wote wawili tukabadilishe. Lakini mkewe alipotoka kwenda kuanua nguo, Mjomba alisogeza kiti.

"Tukienda nitanunua hicho ulichosema. Kisha nitakileta nyumbani, nitakiweka kwenye rafu, nitasoma. Sasa niambie. Nitajuaje kama kimenyamaza?"

Nilikichukua kibao nikakirudisha kwenye kiboksi chake.

"Nitakuuliza wewe? Kila sura nikupigie uje usikilize stoo yangu? Nimwite mke wangu aache nyanya motoni? Mashine ya kununua ipo, nimekuelewa. Masikio hayauzwi kwa muuzaji yule."

"Bi Simu anayo," nilisema.

"Hapana."

"Mjomba, hakuna mtu mjini anayeweza kuchagua mashine iliyo kimya kuliko—"

"Nimesema hapana. Nimemwambia yule mama natafuta mbu. Nikimpeleka dukani akasikilize kompyuta, atajua kwamba mbu alikuwa anaimba miguuni pangu na mimi namsomea yeye juu yake, sisikii. Ataniambia asante kwa huduma. Kwa adabu! Hilo ndilo sitaki, aniambie kwa adabu."

Mkaza mjomba, ambaye ukuta wa jiko lile haujawahi kumzuia kusikia chochote, hakuniachia nafasi ya kubisha. Aliingia na beseni la nguo kiunoni, simu ikiwa tayari imebanwa kati ya sikio na bega.

"Ndiyo, Bi Simu," alikuwa akisema. "Keshokutwa asubuhi. Tutakupitia. Hapana, si hospitali, ni duka la kompyuta. Eeh, anakusalimia sana."

Mjomba alimtazama kwa macho ya mtu aliyesalitiwa na jeshi lake mwenyewe.

Duka lilikuwa chini ya jengo la ghorofa, kati ya kinyozi na duka la dawa. Muuzaji alikuwa mwanamume mnene mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa kamba, mwenye adabu na haraka ya kuuza. Alikibadilisha kile kibao cha kijani bila ubishi, akatupangia mashine juu ya kaunta. Bi Simu aliingia akiwa ameshika mkono wangu, mwanamke mrefu, mkavu, aliyevaa koti zuri la kijivu na viatu visivyo na sauti kabisa. Alisimama katikati ya duka, akageuza uso polepole kama mtu anayetazama mandhari.

"Zima feni ya darini," alisema. "Na ile friji ya soda. Na binti yangu, fungua mlango, umwombe kinyozi asubiri kidogo na mashine yake, kisha urudi uufunge."

Nilikwenda. Kinyozi alisubiri, na mteja wake aliyenyolewa nusu ya kichwa alikuja kuchungulia dirishani.

Mashine ya kwanza ilikuwa nzuri ya kutazama, nyeusi, yenye milango midogo minne mbele na taa za buluu. Muuzaji aliisifu kwamba inabeba mafaili ya kampuni nzima. Bi Simu hakuhitaji hata kuikaribia.

"Inasaga kokoto. Ondoa."

"Ni za kuzunguka hizo," nilimweleza Mjomba kwa sauti ya chini. Aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono nyuma, kama aliyekuja kusindikiza tu.

Ya pili ilikuwa na diski za SSD, ndogo, nyepesi, lakini ndani yake kulikuwa na kifeni. Bi Simu aliinama juu yake. Ilianza kimya, kisha ikapata joto.

"Huyu ana mafua," alisema. "Sikiliza anavyopumua kwa pua moja. Msomaji akifika katikati ya sura atakuwa anakoroma. Nyingine."

Ya tatu muuzaji aliitoa rafu ya nyuma. Ilikuwa ndogo kuliko kamusi ya Mjomba. Mwili wake wote ulikuwa bati zito lenye mifereji juu, na muuzaji akaeleza kwamba mifereji hiyo ndiyo inayotoa joto, kwa hiyo hakuna feni kabisa. Ndani kulikuwa na nafasi za vibao vyembamba vya SSD. Alitia viwili, vinavyofanana, akasema kila faili litaandikwa kote kuwili, ili kimoja kikifa kingine kibaki. Alichomeka kipimo cha umeme ukutani atuonyeshe: ilikuwa ikila kidogo kuliko balbu ya chumba cha kulala. Nilifurahi kuliko walivyofurahi wote. Hii ndiyo niliyokuwa nimeiona akilini mwangu tangu siku ya kwanza.

"Mama, hii haiwezi kutoa sauti hata ikitaka," alisema muuzaji. "Hakuna kinachotembea humo ndani."

Bi Simu aliinama. Tukanyamaza wote. Yule mteja wa kinyozi naye alinyamaza kule dirishani.

"Kuna filimbi," alisema.

"Hakuna, mama. Naapa."

"Usiape, mwanangu, utapata dhambi bure. Kuna filimbi. Nyembamba."

Muuzaji alinitazama, nami nikamtazama. Sikusikia kitu. Aliweka sikio lake, akatikisa kichwa. Nilianza kuogopa kwamba mashine tuitakayo haipo duniani, na kwamba Mjomba, pale mlangoni, alikuwa anaufikia uamuzi wake. Lakini Bi Simu alikuwa ameanza kutembea. Alipitisha mkono juu ya kaunta, akaizunguka, akafuata waya wa mashine kwa vidole mpaka chini, akachuchumaa na koti lake la kijivu. Akashika kile kidude cheusi cha umeme, adapta, kinachokaa katikati ya waya.

"Ni huyu. Mashine yako haina kosa, mwanangu. Umeipa chakula kinachopiga mluzi."

Muuzaji alitafuta kwenye droo adapta nyingine ya nguvu ileile, akaibadilisha. Bi Simu alikaa pale chini, amefumba macho ambayo hata yakifumbuliwa hayamsaidii. Kisha akatabasamu.

"Sasa nasikia viatu vya watu barabarani," alisema. "Hiyo ndiyo. Msomaji, uko wapi? Njoo uisikilize."

Mjomba alikuja. Aliinama juu ya mashine kama alivyoinama nyumbani juu ya lile dude. Angeweza kusema ndiyo, imenyamaza kweli. Asingekosea, na hakuna ambaye angejua.

"Sisikii kitu, Bi Simu," alisema. "Lakini hata ile yenye mafua sikuisikia. Ile ya kokoto niliisikia kwa mbali. Na mbu wa sura ya nne sikuwahi kumsikia, mpaka leo." Alivuta pumzi. "Ukiona inafaa chama kitafute msomaji mwingine, nitaelewa. Nitamkabidhi kitabu."

Bi Simu alinyoosha mkono, nami nikamsaidia kusimama. Alikung'uta koti lake kwanza.

"Unadhani sijui? Tangu mwaka jana kila ukifika kwenye neno lenye sini unalikaza kama mtu anayefunga skrubu. 'Sssafari.' 'Sssiku hiyo.' Mtu haanzi kukaza sini mpaka aanze kutoisikia. Nikasema nitamwacha aniambie mwenyewe. Nikangoja. Ukaniletea mbu. Ukaniambia umepuliza dawa. Ukaniambia umetundika chandarua! Siku ya chandarua nilikata simu nikacheka mpaka jirani akaja kuniuliza nina nini."

"Ulijua ni mashine?"

"Kaka, mimi nimekaa na mitambo maisha yangu yote. Nilijua ni mashine siku ya kwanza. Nilisema mbu kwa mzaha. Wewe ndiye uliyekwenda kununua dawa."

Muuzaji alijishughulisha sana na kupangusa kaunta.

"Sasa nisikilize," aliendelea Bi Simu, na sauti yake ilishuka. "Mimi sioni, na chama kimenipa kazi ya kukagua vitabu. Wewe husikii filimbi, na chama kimekupa kazi ya kuvisoma. Nani ataanza kumfukuza mwenzake? Kama unataka kuacha kwa sababu umechoka, sema umechoka, tutakuaga vizuri. Kama ni kwa sababu ya masikio, ninayo mimi, na siku zote ndiyo tuliyokuwa tunatumia. Ulidhani nakaa kule nakusikiliza kwa ajili gani?"

"Nilidhani unanikagua."

"Nakukagua ndiyo! Na utakaguliwa mpaka unikome. Haya, lipa mashine, miguu inaniuma."

Mjomba alilipa. Alihesabu noti mara mbili, na muuzaji alikuwa mwungwana, akakawia kumpa risiti.

Kuhamisha rekodi kulichukua siku nzima na zaidi. Lile dude la zamani liligoma, likagonga, likaanza tena, na kila lilipogonga mkaza mjomba aliliombea dua kwa sauti kama mgonjwa wa wodini. Mjomba hakutoka stooni. Kila kitabu kilipofika upande wa pili alikifungua, akasikiliza sentensi chache za mwanzo wake, akaitikia kwa kichwa. Vyote vilifika. Hata kile cha kwanza chenye bwana Koma kilikuwepo, hakuwahi kukifuta. Nilimshauri kwamba vibao viwili ndani ya mashine moja si kinga ya wizi wala moto, na nakala nyingine inafaa ikae nyumba nyingine kabisa. Hakufikiri sana nyumba hiyo iwe ya nani. Niliipeleka mwenyewe kwa Bi Simu kwenye diski ndogo ya mfukoni, naye akaitikisa sikioni kabla ya kuipokea.

Kisha mashine mpya ikawekwa kwenye rafu, adapta ikasukumwa nje ya mlango ikae koridoni, na Mjomba akasoma sura ya nne kwa mara nyingine. Alifuata na ya tano. Umeme ulikatika katikati ya sura hiyo. Tulijua kwa sababu jiko lilizimika, lakini kule stooni sauti iliendelea, nzito na tulivu, betri ikiibeba mashine bila shida. Mkaza mjomba alisimama koridoni na mwiko mkononi, akisikiliza mlangoni kama mtu aliyekuja na jambo la kusema kisha akalisahau.

Asubuhi moja tukiwa mezani simu ililia. Mjomba aliiweka kwenye spika, akakaa wima.

"Nimesikiliza sura ya nne na ya tano," alisema Bi Simu.

"Ndiyo."

"Sura ya nne, kiti kimelia ulipopishanisha miguu. Ukurasa wa pili umeufungua kama unachana kanga. Sura ya tano umekunywa maji katikati ya mazishi ya watu. Na mwishoni kabisa, pale yule mjane anasikia kaka yake anabisha hodi, umemeza mate kabla hajafika mlangoni. Nimejua papo hapo kuna jambo. Umeniharibia."

"Kiti, ukurasa, maji, mate," alirudia Mjomba, na uso wake ulikuwa umeanza kung'aa. "Hayo yote naweza kuyarekebisha."

"Ndiyo maana nakwambia. Mengine sina la kusema, nakusikia wewe tu." Akatulia. Kisha akauliza kwa sauti nyingine kabisa, ya chini, isiyo ya mkaguzi. "Lakini hebu niambie, kaka. Anamfungulia au hamfungulii?"

Mjomba alikuwa ameshasimama, chai haijafika nusu, mkono ukitafuta miwani mfukoni.

"Utasikia," alisema, akakata simu.